Uliza Fundi: Kadi ipo, draiva ipo, mbona picha zinajikokota?

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninasoma uzamili hapa Morogoro. Ninaiga mtiririko wa maji mtoni kwa kompyuta, na matokeo ninayatazama kwa ParaView. Idara ina seva moja yenye Ubuntu 22.04 na kadi ya NVIDIA RTX A4000. Haina monita wala kibodi, imefungiwa kwenye chumba chake na ufunguo anao mtu mmoja. Mimi ninaingia kwa SSH nikiwa hosteli, laptopu yangu ni ya Windows ya kawaida. Mwanzoni nilitumia ssh -X, ParaView ikataka kufunguka kisha ikafa. Nikaambiwa niweke TurboVNC, programu ya kuona dawati la seva ukiwa mbali. Sasa inafunguka, ila nikizungusha umbo linakuja vipande vipande. Nikitazama top, prosesa zote zimejaa. Nikitazama nvidia-smi, kadi inatumika asilimia 0. Nikaambiwa tena niweke VirtualGL. Nimeweka, lakini vglrun -d egl inagoma, inasema kifaa cha EGL si halali. Kadi si mbovu, maana wenzangu wanafundishia modeli zao za akili mnemba kwa PyTorch humo humo kila siku. Nimechoka, naomba msaada. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipenda kwa sababu umeandika ulichokiona, hukuandika ulichodhani. Wengi huniletea "seva haitaki" halafu wanasaini jina.

Watu wamekupa programu moja baada ya nyingine bila kukuuliza swali moja: nani anachora? Kwenye mpangilio kama wako wachoraji wanaweza kuwa watatu: laptopu yako kule hosteli, prosesa ya seva, au kadi ya grafiki ya seva. Hujabadilisha programu tu kila uliposhauriwa, umebadilisha mchoraji, na hakuna aliyekwambia.

Ulipotumia ssh -X, mchoraji alikuwa laptopu yako. Ndivyo mfumo wa X, ule unaoonyesha madirisha kwenye Linux, ulivyo tangu zamani: programu inaendeshwa kule, amri za kuchora zinasafiri mpaka kwenye skrini iliko. Kwa OpenGL, yaani lugha ya kuchora 3D, amri hizo hupita njia iitwayo GLX, na ile ya kupitia mtandao imechakaa. Mesa, maktaba huria ya OpenGL, ikitumika kwa njia hiyo haivuki OpenGL 1.4, na seva ya X.Org (programu inayosimamia skrini, si mashine) imeifunga bila kuulizwa tangu toleo la 1.17 la mwaka 2015. ParaView ya siku hizi inataka OpenGL 3.2 kwenda juu. Ndiyo maana ilikufa. Na hata ingekubali, kila pembetatu ya huo mto wako ingebidi isafiri hadi hosteli kabla hujaona kitu.

Ulipohamia TurboVNC, mchoraji akawa prosesa ya seva. Skrini ya VNC ipo ndani ya kumbukumbu tu, wala haijui kama mashine ina kadi. Programu ikiomba OpenGL, Mesa inajitolea kuchora kwa prosesa kupitia llvmpipe. Fungua terminali ndani ya VNC, andika:

glxinfo -B

Tafuta mstari unaoanza na "OpenGL renderer string". Nina hakika utasoma llvmpipe. Amri hiyo uizoee kuliko salamu. Ukiniandikia tena bila matokeo yake nitakurudisha.

VirtualGL sasa ni dalali. Anasimama kati ya ParaView na maktaba ya OpenGL, anazipeleka amri za kuchora kwenye kadi halisi, anasubiri picha iive, anasoma piseli zake, anazibandika kwenye skrini yako ya VNC. ParaView yenyewe haijui kama kuna mtu katikati. Tangu toleo la 3.0 dalali huyu anaweza kuifikia kadi kupitia EGL, bila seva ya X kuwaka upande wa kadi. Kwa mashine isiyo na monita hiyo ni nafuu kubwa: zamani tulilazimika kuandika xorg.conf, faili la mipangilio ya X, kwa mkono, tukiigeuza namba ya kadi inayotolewa na lspci kutoka mfumo wa 16 kwenda wa 10, kwamba 65:00.0 iandikwe PCI:101:0:0. Ukiandika 65 tu, X inakwambia haioni skrini na mchana wako umekwisha. Wewe hilo limekupita, shukuru.

Tuje kwenye fundo lenyewe. Unasema kadi ni nzima kwa sababu PyTorch inafanya kazi na nvidia-smi inajibu. Hapo ndipo wengi hupotea. PyTorch inaingia kwa mlango wa CUDA, ule wa hesabu. ParaView inaingia kwa mlango wa OpenGL, ule wa kuchora. Draiva ya NVIDIA inaweza kusimikwa ikiwa na mlango wa kwanza tu, na kwenye seva za kufundishia modeli mara nyingi ndivyo inavyosimikwa, kwa makusudi kabisa. Ubuntu ina vifurushi vyenye neno headless kwenye jina, kama nvidia-headless-535-server, ambavyo haviji na maktaba za OpenGL wala EGL. Na aliyetumia faili la .run la NVIDIA huenda aliweka --no-opengl-files. Mtu wa PyTorch hatakaa ajue kuna kilichopungua.

Hakikisha hivi:

ldconfig -p | grep libEGL_nvidia
ls /usr/share/glvnd/egl_vendor.d/

Amri ya kwanza ikinyamaza, na ya pili ikitoa 50_mesa.json peke yake bila 10_nvidia.json, umempata mwizi. Draiva ya kernel (kiini cha Linux) ipo, CUDA ipo, ila EGL haijaambiwa kwamba duniani kuna NVIDIA. VirtualGL inasema kweli inaposema kifaa si halali.

Dawa ni kifurushi kimoja, libnvidia-gl, cha familia ile ile ya draiva iliyopo. Ikiwa dpkg -l | grep nvidia inaonyesha 535-server, basi ni libnvidia-gl-535-server. Lakini tulia kabla ya kubonyeza Enter. Soma kwanza cat /proc/driver/nvidia/version, ulinganishe na toleo ambalo apt inataka kukuletea, mpaka tarakimu ya mwisho. Zikitofautiana hata kidogo, usisimike peke yako. Wenzako wanaweza kukuta mafunzo ya modeli zao yanagoma kuanza, na watakutafuta hosteli. (Mkasa wa namna hiyo umo kwenye barua inayofuata.) Na usikubali ushauri wa kuweka nvidia-driver mpya kabisa eti "ndiyo dawa". Kinachokosekana ni maktaba, draiva unayo.

Ukishaweka, endesha /opt/VirtualGL/bin/eglinfo -e. Itakuorodheshea vifaa inavyoviona. Hapa angalia vizuri namba. Seva nyingi za kwenye raki zina kijichipu cha ASPEED ubaoni, cha kumwezesha msimamizi aione skrini ya mashine akiwa mbali. Nacho ni kadi ya grafiki machoni pa Linux, na mara nyingi kinawahi kuwaka na kujichukulia /dev/dri/card0. A4000 yako inabaki kuwa card1. Ukiilekeza VirtualGL kwa card0 unampa kazi ya mto mzima mtu aliyeajiriwa kuonyesha maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. ls -l /dev/dri/by-path itakuonyesha nani yuko wapi. Linganisha na lspci, kisha uwe unataja kadi kwa jina:

vglrun -d /dev/dri/card1 glxinfo -B

Ukisoma NVIDIA RTX A4000 kwenye ule mstari, umemaliza sehemu ngumu.

Ukikuta "permission denied", ni suala la makundi. Programu ya vglserver_config, anayoendesha mwenye sudo, huuliza kama matumizi yabanwe kwa kundi la vglusers. Mwambie msimamizi wako alifikirie swali hilo kabla ya kujibu. Akijibu ndiyo, programu haiishii kwenye /dev/dri: inaandika pia ruhusa za /dev/nvidia* ndani ya /etc/modprobe.d, na mtu wa PyTorch asiye kwenye kundi hilo ataamka asubuhi hana CUDA. Ama awaingize wote kwenye kundi, ama ajibu hapana. Kwenye seva ya idara ndogo mnayofahamiana, mimi ningejibu hapana. Na mabadiliko hayo yanataka moduli ya NVIDIA ipakiwe upya au mashine iwashwe upya, kwa hiyo pangeni siku ambayo hakuna mafunzo yanayoendelea.

Ukiongezwa kwenye kundi, kutoka na kuingia tena kwa SSH hakutoshi. Kikao chako cha VNC kilianza kabla hujawa mwanakundi, na kila kinachofunguliwa ndani yake kinarithi ya zamani. Kiue kwa vncserver -kill :1, ukianzishe upya. Ukikianzisha, chagua dawati la XFCE au MATE badala ya GNOME. GNOME nayo inataka OpenGL kwa madirisha yake tu, na ndani ya VNC itailipa kwa prosesa.

Baada ya hapo vglrun -d /dev/dri/card1 paraview. Zungusha mto wako, na kwenye terminali nyingine tazama nvidia-smi. Chini kabisa, kwenye orodha ya michakato, za wenzako zina herufi C, yaani hesabu. ParaView inatakiwa itokee na herufi G. Usijipime kwa glxgears, namba zake hazina maana yoyote kwenye hali hii. Tumia glxspheres64 inayokuja na VirtualGL.

Nikuongezee njia ambayo mimi ningeichagua kama kazi yako yote ni ParaView na hutaki dawati zima la VNC: pvserver. ParaView 5.11, kwa mfano, ina faili la Linux lenye herufi egl kwenye jina. Hilo unaliweka kwenye seva na kuwasha pvserver, kisha ParaView ya Windows kwenye laptopu yako inaunganishwa nayo kwa mlango wa mtandao (port) 11111 uliopitishwa ndani ya SSH. Matoleo ya pande mbili lazima yafanane. Na swali letu la nani anachora linarudi: data ikiwa ndogo, ParaView inaona heri itume umbo lenyewe, laptopu ichore, ikizidi kizingiti, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 20, seva inachora na kutuma picha. Kizingiti unakikuta kwenye mipangilio, sehemu ya Render View. Laptopu yako ikihema, kishushe mpaka 0. Njia hii nayo inataka ile libEGL_nvidia, kwa hiyo ile dawa ya libnvidia-gl huikwepi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ofisi yetu ya ramani iko Dodoma. Ijumaa seva iliachwa nzima, Jumatatu nvidia-smi inasema "Driver/library version mismatch" na programu zote za 3D zimerudi kwenye llvmpipe. Naapa hakuna aliyegusa kitu. (Mpimaji)

JIBU: Salama, kaka. Nakuamini. Aliyegusa ni unattended-upgrades, programu ya Ubuntu inayosasisha yenyewe, anafanya kazi hata wikendi. Amebadilisha maktaba za NVIDIA kwenye diski, lakini moduli iliyomo ndani ya kernel ni ile ya zamani, maana haiwezi kung'olewa wakati inatumika. Maktaba mpya inaikataa moduli ya zamani.

Washeni seva upya. Mara nyingi yanaisha hapo.

Yasipoisha, huenda katika masasisho hayo hayo ilikuja na kernel mpya, na moduli haikujengwa kwa ajili yake. Andika dkms status (dkms ndiyo inayojenga moduli kwa kila kernel). Ukikuta kernel unayoiona kwenye uname -r haimo kwenye orodha, weka linux-headers ya toleo hilo kisha dkms autoinstall. Ikiwa moduli imejengwa lakini haipakiki, uliza mokutil --sb-state. Secure Boot, ulinzi wa wakati mashine inawaka, ikiwa imewashwa, moduli isiyo na saini inayotambulika haiingii, na kwenye mashine isiyo na monita hili linaudhi kweli: ile skrini ya buluu ya kuthibitisha ufunguo inatokea kabla Linux haijawaka, SSH haipo, na unayemhitaji ni mtu mwenye miguu karibu na mashine. Kama seva yenu ina kiolesura cha usimamizi wa mbali, itumieni kwa hilo.

Kisha funga vifurushi vya NVIDIA kwa apt-mark hold, ili vibadilike siku mliyoamua ninyi. Masasisho mengine ya usalama yaacheni yaje.

SWALI: Salaam aleikum Fundi. Nipo Kigoma, seva ipo Dar es Salaam, mtandao wangu ni wa bando la simu. VirtualGL iko sawa, glxinfo inataja kadi, programu inajisifu fremu 60 kwa sekunde. Ninachokiona mimi ni picha tatu nne za kuruka. Nani mwongo? (Abuu wa Kigoma)

JIBU: Wa aleikum salaam, Abuu. Hakuna mwongo. Programu inahesabu fremu zilizochorwa kule, wewe unahesabu zilizofika huku. VirtualGL, bila kuambiwa, hutupa fremu ambazo hazijapata nafasi ya kutumwa, ili unachokiona kisichelewe nyuma ya mkono wako. Hiyo ni tabia nzuri, uiache. Ukitaka kupima kilichofika, tumia tcbench upande wako, yenyewe inalitazama dirisha.

Piga hesabu. Skrini ya 1920 kwa 1080, kila piseli baiti 3, ni baiti 6,220,800 kwa picha moja. Picha 20 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 124 kila sekunde. Bando gani hilo? Kwa hiyo kila kitu kinategemea mgandamizo. Kwenye kiteja cha TurboVNC, mipangilio ya kawaida imekusudiwa mtandao wa ofisini. Chagua ile ya JPEG ya ubora wa chini, iliyoandikwa WAN. Picha itakuwa na ukungu unapozungusha. Ukishatulia na unataka kusoma namba, omba Lossless Refresh kwenye menyu, italetwa picha moja safi.

Kingine kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani ni kupunguza dirisha. Anzisha kikao cha 1280 kwa 720 na piseli zinapungua zaidi ya nusu. Zima picha ya mandhari ya dawati na vivuli vya madirisha. Programu iendeshwe ndani ya VNC, isiendeshwe kwa vglconnect kutoka kwenye laptopu, kwa kuwa njia hiyo hutuma menyu na vitufe kwa itifaki ya X, na X haivumilii umbali: kila kitufe kinakwenda Dar na kurudi mara kadhaa kabla hakijachorwa. Ping ikiwa mbaya, hata kadi ya mamilioni haitakusaidia kwa hilo.

Na tafadhali usifungue mlango wa mtandao 5901 kwa dunia nzima ili eti uwe mwepesi. Upitishe ndani ya SSH, ssh -L 5901:localhost:5901, kisha kiteja kielekeze localhost:1.

SWALI: Fundi, ndani ya kontena la Docker nvidia-smi inajibu vizuri, nje ya kontena VirtualGL inafanya kazi vizuri, ndani VirtualGL haioni kadi. Nimeweka --gpus all. (Kijana wa Nairobi)

JIBU: Ni ile milango miwili ya Morogoro, safari hii imefungwa na Docker. Zana ya NVIDIA ya makontena, usipoiambia kitu, huingiza sehemu za compute na utility tu. Ongeza -e NVIDIA_DRIVER_CAPABILITIES=all, au kama unapenda kubana, graphics,compute,utility. Hakikisha pia picha ya kontena (image) ina libglvnd ndani yake, kwa Ubuntu ni libgl1 na libegl1. Kama mtumiaji wa ndani si root, namba ya kundi lenye ruhusa ya /dev/dri lazima ilingane na ya nje. Mpe kwa --group-add, kwa namba, jina halitoshi. Kisha endesha eglinfo -e ukiwa ndani. Ikikataa, nitumie inachosema neno kwa neno, pamoja na ls -l /dev/dri ya ndani na ya nje.